Sabufa ya Baba Mdogo Amosi

Baba mdogo Amosi ametuma picha kwenye kundi la ukoo. Ni sebule yake ya Area D, hapa Dodoma, zulia jipya, televisheni pana kama meza ya kulia chakula, na pembeni kabisa, chini ya pazia, kisanduku cheusi chenye tundu. Chini ya picha ameandika kwamba hiyo sabufa ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyofanya ujanani Chang'ombe, na kwamba vijana wa leo wanakimbilia vya dukani kwa sababu hawataki kutumia akili. Mashangazi wakapongeza. Binamu zangu wawili wakaomba vipimo. Mama yangu, anayeandika kwa kidole kimoja na kuchukua dakika tano kumaliza mstari, akaandika: "Hongera shemeji, Mungu akuzidishie." Niliisoma hongera ile mara mbili, kisha nikaiweka simu kifudifudi mezani.

Vipimo! Wamemwomba vipimo Amosi.

Mimi naijua sabufa ya Chang'ombe. Nilishika ubao wakati anaukata, nililamba vumbi lake, nilimpelekea maji ya kunywa akiwa amekaa kwenye kigoda akiitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyefaulu. Kama na wewe ulikua wakati televisheni zina chogo na deki ya sidii inafunikwa kitambaa cha kufuma, unakumbuka sabufa zilivyotuingia vichwani. Nyumba isiyo na sabufa ilihesabika haina kitu. Jirani yetu, Fundi Saidi wa redio, alikuwa nayo moja kubwa barazani, ina taa za buluu zinazopanda na kushuka, na tangu asubuhi ilikuwa inatikisa sufuria zetu jikoni. Baba mdogo alikuwa akipita pale anatema mate.

"Hayo ni makopo," aliniambia. "Yule anadhani sauti ni ukubwa wa boksi. Sauti ni hesabu, Rehema. Ni sayansi."

Alikuwa anasomea uhandisi huko Chimwaga, wa kwanza katika ukoo wa baba kukanyaga chuo kikuu, na kwa heshima hiyo alikaa kwetu bure, akala kwetu bure, akachukua chumba changu, mimi nikahamia sebuleni kwenye mkeka. Baba alikuwa dereva wa malori na wiki nyingi hakuwepo. Basi mwanamume wa nyumba akawa Amosi, na kazi aliyoifanya kama mwanamume wa nyumba ilikuwa kuwadharau watu. Alimdharau Fundi Saidi kwa kuwa hakufika sekondari. Aliwadharau walimu wangu. Aliwadharau watu wa kijijini kwao kwa kula ugali wa uwele na mlenda, halafu anakula huo huo na kuomba kuongezewa. Nami nilimpenda kwa ujinga wote wa mtoto wa darasa la sita. Nilitembea kama yeye, nilikunja midomo kama yeye, na shuleni nilianza kuwaambia wenzangu kwamba sauti ni hesabu.

Mradi wake ulikuwa huu: sebule yetu ni ndogo, viti vinne na meza vikishaingia hupati pa kupitisha beseni. Kwa hiyo angejenga sabufa ndogo ya pembetatu, iingie kwenye kona nyuma ya televisheni isionekane, na sebule igeuke ukumbi wa sinema. Alipata karatasi zilizochapwa kutoka kwenye mtandao. Alitoa spika kwenye gari bovu la rafiki yake, akapata amplifaya ya zamani, kipande cha plaiwudi na kipande cha bomba la plastiki la kupitishia hewa. Karatasi zilisema, kwa spika ile, ndani ya boksi pawe na nafasi ya lita ishirini. Isizidi, isipungue. Ikizidi, sauti inalegea na kuvuma ovyo.

Hapo ndipo mhandisi wetu alipokwama. Pembetatu ilimshinda. Siku mbili alichora, akafuta, akachora, akalaumu kikokotoo. Mimi nilikuwa nimetoka kufundishwa shuleni: nusu ya kitako mara kimo, ukishapata eneo unazidisha kwa urefu wa kwenda juu, basi. Nililipata jibu nikiwa nimelala kwenye mkeka wangu, kwa penseli, nyuma ya daftari la maarifa ya jamii. Sikumwambia. Niliona kwamba kama yeye bado anahangaika, lazima kuna jambo kubwa ndani yake ambalo sisi wa darasa la sita hatujafundishwa.

Akaamua kupima kwa njia ya watu wazima. Angegundisha kuta tatu na kitako, aache juu wazi, amimine ndani nafaka ya debe moja, kwa kuwa kila mtu anajua debe ni lita ishirini. Nafaka itakapofika apige mstari kwa penseli, akate hapo, afunike. Ndani ya nyumba palikuwa na debe moja tu lenye nafaka. Lilikuwa uvunguni mwa kitanda cha mama, limefungwa kwa kipande cha kanga.

Hapa inabidi nieleze habari ya debe lile.

Mama yangu ni Mrangi wa Kondoa. Baba ni Mgogo. Bibi, mama yake baba, hakuwahi kumtukana mama hata siku moja. Alimwita tu "mgeni wetu". Mwaka wa kwanza wa ndoa mgeni wetu, mwaka wa tano mgeni wetu, nimeshazaliwa na ninasoma, bado mgeni wetu. Mama alikuwa akienda kijijini kila msimu kulima na wake wengine wa ukoo, anarudi viganja vimechubuka, na jina ni lile lile.

Katika ukoo wa baba, mbegu ya uwele inatunzwa na mwanamke mmoja. Ndiye anayechagua masuke wakati wa mavuno, anayapura mwenyewe, anachanganya punje na majivu na majani makavu ya mwarobaini, na mvua ikianza wake wote wanakwenda kwake kugawiwa. Inasemwa mbegu hufuata mkono. Bibi alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu baba hajazaliwa. Mwaka ule macho yalianza kumsumbua, akaja mpaka Chang'ombe na debe lile. Lilikuwa limejazwa hadi limefanya kichuguu juu, maana kwetu debe la kusawazishwa kwa kiganja ni debe la mchoyo.

"Mama Rehema," Bibi alisema, "mwaka huu mkono ni wako."

Mama alipiga magoti akalipokea. Hakuitwa mgeni siku ile. Baba alipopiga simu alimsimulia habari hiyo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia na kucheka pamoja. Wanawake wanne wa ukoo wangepanda kutoka kwenye debe lile, mama akiwa mmoja wao. Ilikuwa kama mtihani, na mama alijua ni mtihani, ndiyo maana alililaza debe chini ya kitanda chake.

Wiki ambayo mama alikwenda kijijini kufyeka na kuchoma magugu, baba mdogo alilivuta debe lile kutoka uvunguni.

"Baba mdogo, hizo ni mbegu za Bibi," nilisema.

"Kwani nazila? Napima na kurudisha. Fungua hiyo kanga."

Akamimina. Majivu yakapanda kama vumbi la barabara ya Kondoa, yakamwingia machoni, yakanata kwenye gundi mbichi kila upande. Akatukana. Akayapangusa, yakazidi kunata. Kisha akasimama, akajifuta, na sura yake ya darasani ikarudi.

"Hii haifai. Majivu yanachukua nafasi, yatanipotosha vipimo. Nataka punje tupu. Zioshe."

Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimepewa kazi ndani ya sayansi. Nilizimimina kwenye beseni kubwa la kufulia, nikazijaza maji, nikazikoroga kwa mikono miwili, nikamwaga maji meusi, nikajaza tena. Hayakutakata. Basi nikaziacha zilale kwenye maji, kama nilivyomwona mama akiloweka maharage. Kesho yake nilikwenda shule, nikarudi nikayamwaga maji, na kwa kuwa jua lilishazama nikazifunika kwa gunia bichi hadi asubuhi. Akilini mwangu mbegu ilikuwa kama mchele tu, ukiosha vizuri chakula kinakuwa kizuri. Nilijua mama atafurahi akikuta mbegu safi.

Asubuhi nilipofunua gunia, kila punje ilikuwa imetoa kincha cheupe. Nilidhani ni usafi. Nilidhani zimetakata hadi ndani na sasa weupe wake umeanza kuonekana. Nikamwita baba mdogo aje aone kazi yangu.

Akachota kiganjani, akaangalia, akasugua kwa kidole gumba.

"Ni uchafu wa ndani huo unatoka," alisema. "Anika juu ya bati."

Huyo ni mhandisi mtarajiwa. Huyo ni mtoto wa Kigogo aliyelelewa kwenye nyumba ambayo pombe ya uwele ilipikwa kila baada ya mavuno, aliyetumwa maji ya kuloweka kimea tangu anavaa kaptula iliyochanika nyuma. Mimi nina sababu yangu: kwetu hapakupikwa pombe, mama amekulia kwenye nyumba ya Kiislamu, sikuwahi kuona kimea kinavyofanywa. Nilikuwa nakifanya pale pale bila kujua jina lake. Lakini yeye? Unaloweka, unafunika, inaota, unaanika inakufa. Kila mwanamke kijijini kwao anaijua kazi hiyo, hata yule asiyeweza kuandika jina lake, na Amosi aliidharau kiasi kwamba alipoishika kiganjani hakuitambua.

Siku mbili za jua la Dodoma juu ya bati. Punje zikakauka kang'ang'a, vincha vikakatika vikapeperuka. Akazijaza kwenye debe, na kichuguu chake juu, akamimina kwenye boksi, akapiga mstari. "Lita ishirini kamili," akatangaza. Mtu aliyekuwa anaogopa nafasi ya majivu akasahau kichuguu kizima juu ya debe. Nasi tukazirudisha punje mahali pake, tukachota majivu mapya jikoni, tukachanganya, tukafunga kanga kwa fundo lile lile.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Atapiga kelele bure. Wewe ni msaidizi wangu, sivyo?"

Nilikuwa msaidizi wake.

Mama alirudi akalifungua debe, akatia mkono, akachezesha vidole ndani ya majivu, akafunga. Alionekana ameridhika. Jioni ya Jumapili sabufa ikawekwa kwenye kona, ikaunganishwa, majirani wakaitwa, sinema ya mapigano ikawekwa. Ilivuma. Mtu akipigwa ngumi ilivuma, gari likipita ilivuma, mwanamke akilia ilivuma kwa sauti ile ile moja, vuuum, utadhani lori la baba limewashwa nyuma ya ukuta na halina mpango wa kuondoka. Debe tupu haliachi kuvuma, na pale palikuwa na mawili, moja la plaiwudi na moja limesimama mbele ya televisheni linaelezea sayansi. Fundi Saidi alisikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha.

"Kijana, boksi lako limezidi kidogo," alisema. "Ungelitia ubao ndani kupunguza nafasi."

"Mzee, hii imepimwa," baba mdogo akajibu. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote, nikimcheka mzee wa watu aliyekuwa amesema kweli.

Mvua ikaja. Mvua ya kwetu haina subira. Ukichelewa wiki mbili mwaka umekwisha. Mimi na mama tulikwenda kijijini. Wake wa ukoo walipanga mstari kwa mama na vibuyu vyao, na mama akawagawia kwa kikombe, akijaza kila kikombe hadi kumwagika, Bibi amekaa karibu anasikiliza. Shambani Bibi alimwambia mama ashike mbegu. Wengine walichimba mashimo kwa jembe, mama akafuata nyuma akidondosha punje na kufukia kwa unyayo. Alivaa kanga mpya. Nani anavaa kanga mpya kwenda kupanda? Mama yangu alivaa.

Siku ya tano mashamba ya majirani yalikuwa yameanza kutoa vijani. Siku ya nane yalikuwa yamefunga mistari. Yetu, yote manne, yalikuwa udongo mtupu. Bibi alikwenda shambani akishika ukuta na ua, akapiga magoti, akafukua kwa kidole shimo moja, la pili, la tatu, akazitoa punje zimeoza, akazinusa. Nilikuwa nimesimama karibu yake nikiwa na jagi la maji, na nilishaelewa. Sikuelewa kwa sayansi. Nilikumbuka tu beseni la kufulia na gunia bichi.

"Mkono wake ni wa baridi," Bibi alisema, akimwambia mke wa baba mkubwa, mama akiwa amesimama pale pale. "Si kosa lake. Mgeni ni mgeni."

Mama alisema, "Nisamehe, mama." Hakujitetea. Mbegu ya kuazima ikapatikana kwa watu wengine, ikapandwa imechelewa, mvua ikakatika uwele ukiwa magotini, na mwaka ule nyumba nne zilikula kwa kununua. Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tuliwalisha janga letu hadi watoto wa baba mkubwa ambao hawakuwahi hata kuiona sabufa.

Na Amosi? Amosi alikuja kijijini Jumamosi iliyofuata, akaketi kwenye kiti alicholetewa, akawaeleza wazee habari ya mabadiliko ya tabianchi. Alisema mvua ya kwanza ilikuwa ya uongo, ardhi ilikuwa haijapoa. Wazee walimsikiliza huku shamba la jirani likiwa kijani hatua ishirini kutoka alipoketi. Katikati ya maelezo alinitazama mara moja, harakaharaka. Basi naye alijua. Tuliporudi mjini aliniachia nichague sinema wiki nzima, na soda juu yake. Nikachagua. Nikanywa. Nikalala sebuleni jirani na kisanduku kile, na bado nikawaambia wenzangu shuleni kwamba kwetu kuna sinema.

Msimu uliofuata debe lilikwenda kwa mke wa baba mkubwa. Mama aliendelea kwenda kijijini kila mwaka hadi magoti yalipomkatalia, na kila mwaka alipewa jembe achimbe mashimo, wengine wakifuata nyuma yake na mbegu. Hakuna aliyemkataza kushika mbegu. Yeye mwenyewe alishika jembe kabla hajaambiwa.

Nimemdharau Amosi miaka yote hii, na nimeifanya kazi hiyo vizuri. Harusi yake nilikwenda kwa kuchelewa. Alipopata cheo sikumpigia. Dharau yangu kwake imeniburudisha sana, kwa sababu muda wote niliokuwa nikimtazama yeye sikulazimika kumtazama msichana mwenye beseni, ambaye alikuwa na mdomo, alikuwa na akili ya kupiga hesabu ya pembetatu, na alisimama na jagi la maji akisikia mama yake anaitwa mgeni. Alikuwa mtoto, najua. Baadaye alikuwa na miaka ishirini. Baadaye alikuwa na thelathini, ana watoto wake, na bado alikuwa hajasema.

Hongera ile ya kidole kimoja ndiyo iliyonipeleka kwa mama siku ya pili. Nilimkuta amekaa na ungo, anachambua mchele. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikamweleza yote bila kupunguza: boksi, majivu, beseni, gunia bichi, vincha vyeupe, fundo la kanga. Vidole vyake viliendelea kuchambua muda wote. Nilipomaliza vilisimama.

"Kwa hiyo ilikuwa kimea," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haikuwa mkono wangu."

"Haikuwa, mama. Nisamehe."

Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima, hata kofi ningelipokea. Akauegesha ungo pembeni kwa uangalifu, punje isimwagike.

"Bibi yako tumemzika anaamini ni mkono wangu," alisema. "Sasa mimi nikamwambie wapi?"